Kiingereza cha Mlima Kilianzia Kileleni

Tarehe 11 Mei 1848, msafara mdogo kutoka pwani ulikuwa njiani kuelekea Uchagani. Kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za bara. Pamoja naye alikuwa Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai, karibu na Mombasa, akiitumikia Church Missionary Society ya Uingereza. Asubuhi hiyo Rebmann aliona weupe juu ya mlima mmoja mbele yao, akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Bwana Kheri alimjibu kwamba hajui kwa hakika, ila anadhani ni baridi.

Mwaka uliofuata habari hiyo ilichapishwa London, na mabishano yakaanza. Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alishikilia kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kukaa jirani na ikweta. Wasomi walibishana kuhusu alichokiona Rebmann. Bwana Kheri, aliyemfikisha mahali pa kukiona, hakuulizwa na mtu.

Ninaanza na Bwana Kheri kwa sababu ni miongoni mwa viongozi wa mwanzo kabisa wa mlima wetu ambao jibu lao kwa mgeni limebaki katika maandishi. Kazi yangu ni kufundisha Kiingereza. Wanafunzi wangu wengi ni vijana wa Marangu, Kilema na Moshi mjini ambao leo wanabeba mizigo Kilimanjaro na wanataka kesho wawe viongozi wenye leseni. Hubeba mizigo msimu wa wageni, na masika yakiingia huja darasani na madaftari. Kila ninapowasikiliza wakijizoeza kujibu maswali, nasikia swali lile lile la mwaka 1848: kile cheupe kule juu ni nini, na sasa, kwa nini kinaisha?

Nimefikia kuamini jambo moja. Kiingereza tulichojifunza mlimani ni Kiingereza cha mtu anayetazama juu. Kina maneno mengi ya kilele na barafu, na maneno machache ya msitu na maji. Kilitufaa kupata kazi, lakini katika zama hizi za mabadiliko ya tabianchi kinatufanya tueleze nusu ya habari, na nusu tunayoiacha ndiyo inayogusa maisha ya watu na wanyama. Hali hii ina historia yake.

Majina ya juu

Wachaga walikuwa na lugha ya mlima muda mrefu kabla ya wageni kufika. Waliita vilele viwili kwa majina ambayo sasa tunayaandika Kibo na Mawenzi. Walijua mahali chemchemi zinapotoka, walichimba mifongo, yaani mifereji ya maji, kutoka kwenye makorongo ya juu hadi vihambani, kwenye mashamba yao ya nyumbani, na kila mfongo ulikuwa na wenyewe, zamu zake na sheria zake. Wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 waliistaajabia mifereji hiyo, lakini hawakuja kwa ajili yake. Walikuja kwa ajili ya theluji.

Baron Carl Claus von der Decken alijaribu kupanda mwaka 1861, akarudi tena mwaka 1862 akiwa na Otto Kersten. Charles New, mmisionari Mwingereza, aliifikia theluji mwaka 1871. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni. Meyer mwenyewe aliandika jina la Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani aliyekaa kwenye hema la juu katika baridi ile akiwasubiri. Na sisi wa Marangu tunamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Mzee Lauwo alifariki mwaka 1996, na jina lake hutajwa getini Marangu kila siku ambayo kundi linaanza safari.

Baada ya hapo yakaja majina. Kilele kikawa cha Kaizari Wilhelm. Vipande vya barafu vikagawanywa kwa watu: Rebmann aliyeiona kwa mbali, Decken na Kersten ambao hawakufika juu, Heim na Drygalski waliokuwa wataalamu wa miamba na barafu huko Ulaya, na baadaye Furtwängler aliyepanda mwaka 1912. Mwaka huo huo wa 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler walipanda na kupiga picha za kupimia, na ramani iliyotokana na kazi hiyo ndiyo mpaka leo inatumika kama kianzio cha kujua barafu ilikuwa kubwa kiasi gani.

Kwa hiyo kiongozi kijana anayejifunza leo huanza na orodha hiyo. Anaweza kukutajia barafu saba kwa majina ya Kijerumani yaliyopitia midomo ya Waingereza. Ukimwuliza majina ya mito mitatu iliyo kati ya geti na kijiji chake, anayajua pia, maana amekulia kando yake. Ila hajawahi kuambiwa kwamba nayo ni sehemu ya somo.

Kiingereza kilivyopanda

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Uingereza ilikabidhiwa Tanganyika. Mwaka 1921 msitu wa Kilimanjaro ulitangazwa kuwa hifadhi ya misitu. Kiingereza kiliingia Uchagani kupitia shule za misheni, na kupitia kahawa pia: mwaka 1933 wakulima waliunda chama kikuu cha ushirika, KNCU, na hesabu zake na barua zake zilihitaji makarani. Mlango wa tatu ulikuwa mlima wenyewe. Hoteli za Marangu zilipokea wageni waliotaka kupanda, na vijana wa vihamba vya jirani wakaajiriwa kubeba.

Mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch wa misheni ya Kilutheri, aliyeupanda mlima mara nyingi, alikuta mzoga wa chui umekauka na kuganda kwenye ukingo wa kreta. Alikata sikio lake kuwa kumbukumbu. Mwaka 1936 Ernest Hemingway alichapisha hadithi yake kuhusu theluji ya Kilimanjaro, akaifungua kwa habari ya chui huyo. Tangu hapo wageni huuliza chui yule alifuata nini kule juu, na hakuna kiongozi anayeweza kukwepa kujifunza jibu. Mnyama wa kwanza wa Kilimanjaro kupata umaarufu katika Kiingereza alikuwa mnyama mfu, kwenye barafu, mahali ambapo chui hawaishi.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na kuwasha mwenge kileleni, na kilele kikaitwa Uhuru. Miezi michache kabla, Septemba 1961, ulifanyika mkutano wa uhifadhi Arusha, na Julius Nyerere akatoa tamko linalojulikana kama Azimio la Arusha la wanyamapori: kwamba viumbe hao ni amana, na kwamba kuwatunza kunahitaji ujuzi maalumu, watu waliofunzwa na fedha.

Watu waliofunzwa walihitaji chuo. Mwaka 1963 kilifunguliwa Chuo cha Mweka, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro juu ya Moshi. Bruce Kinloch, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori, ndiye aliyekipigania, na Hugh Lamprey akawa mkuu wake wa kwanza. Kilipokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kiingereza. Waliotumia Kifaransa walipata chuo chao Garoua, Cameroon, mwaka 1970. Ndivyo bara lilivyogawana elimu ya wanyama wake kwa mipaka ya lugha za waliolitawala. Mweka ilitoa wahifadhi hodari, na sina neno baya juu yake. Ninachotaka kionekane ni kwamba tangu hapo njia ya kutambuliwa kuwa mjuzi wa wanyama ilipitia Kiingereza, hata kwa mtu aliyezaliwa kati yao.

Daftari la baba

Baba yangu hakufika Mweka. Alimaliza darasa la saba, akaanza kubeba mizigo miaka ya 1970, wakati hifadhi ya taifa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Alibeba, akawa mpishi, akawa kiongozi msaidizi, na mwisho kiongozi. Shule yake ya Kiingereza ilikuwa daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ninalo.

Wapagazi wengi wa rika lake walikuwa na daftari kama hilo. Neno lilisikika kwa mgeni mchana, likaandikwa jioni jikoni, kwenye mwanga wa moto au taa ya mafuta, jinsi sikio lilivyolipokea. Baba aliandika "blu manki", kisha kima. "Kolobasi", kisha mbega. "Reveni", kisha kunguru, na mbele yake akaongeza kwamba ni yule wa shingo nyeupe anayeiba mikate kambini. "Hedeki", kichwa kinauma. "Vomiti", kutapika. "Dipu brithi", vuta pumzi ndefu. Ukurasa mzima ni maneno ya ugonjwa wa mwinuko, kwa sababu hapo kosa la lugha lingeweza kumuua mtu.

Mpangilio wa daftari lile ndio unaonifundisha mpaka leo. Maneno hayakupangwa kwa alfabeti. Yamepangwa kwa njia ya kupandia: geti, kambi za Mandara, Horombo na Kibo, kisha Gilman kwenye ukingo wa kreta, na Uhuru kileleni. Geti lina maneno ya mizigo na mizani. Mandara, iliyo msituni kwenye mita 2,720, ina wanyama watatu, ndege mmoja na miti miwili. Horombo ina lobelia na ile mimea mirefu yenye vichwa kama kabichi. Kuanzia Kibo kwenda juu kurasa zinajaa: "aisi", "sino", "glesia", "kreta", "ashi piti", "sanraizi", "simiti". Baba aliandika alichoulizwa. Wageni waliupita msitu wakiwa na nguvu na haraka, wakawa na maswali wakishafika juu wakiwa wamechoka na wamefurahi. Ukilifungua daftari unaona wazi macho ya wageni yalitua wapi kwa miaka yote aliyofanya kazi.

Kuna ukurasa mmoja tofauti. Karibu na mwisho aliandika kwa Kiswahili tupu, bila neno la Kiingereza, kwamba mahali fulani chini ya Gilman walipokuwa wakikanyaga barafu zamani sasa wanakanyaga kokoto, na kwamba kijito fulani juu ya Horombo ambako walizoea kuchota maji ya kupikia kilikauka mwezi wa tisa. Hakuna mgeni aliyemwuliza hayo. Aliyaandika kwa kuwa yalimsumbua.

Majina ya wanyama na walioyaleta

Wanafunzi wangu huona majina ya wanyama kuwa rahisi kuliko sarufi, na ninawaacha wayapende. Ila ninawaeleza yametoka wapi. Minde ni mnyama wa familia ya funo, mkubwa kuliko ndugu zake wengi, rangi ya kahawia iliyokolea, anayeishi katika misitu ya milima ya Tanzania peke yake. Kwa Kiingereza ana jina la William Louis Abbott, Mmarekani aliyekusanya vielelezo Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1880. Lobelia ya Kilimanjaro na hondohondo mmoja wa nyika wana jina la Decken. Kule mbugani swala wawili wana majina ya wasafiri Joseph Thomson na James Grant, na hapo madereva wa utalii wamefanya kazi nzuri: swala tomi na swala granti ni Kiswahili sasa, hakuna anayejiuliza.

Kujua asili ya majina haya humpa kiongozi nafasi ya kumwambia mgeni habari kamili. Kijana anayeweza kusema kwa Kiingereza kwamba minde hapatikani nje ya Tanzania, kwamba hutembea usiku, na kwamba akipoteza misitu hii hana kwingine pa kwenda, amefundisha jambo la uhifadhi kwa sentensi tatu. Hayo hayamo katika daftari la baba, ingawa alimjua minde vizuri tangu utoto.

Na wapo Watanzania walioonyesha kwamba ujuzi wa wanyama unaweza kuandikwa kwa lugha yetu ukaheshimika duniani. Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1960. Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka wanafunzi wanne wa kigeni, na baada ya hapo kazi ya kila siku porini ikabaki mikononi mwa wasaidizi wa utafiti Watanzania, watu kama Hilali Matama na Eslom Mpongo. Waliwafuata sokwe kutoka kiota hadi kiota na kuandika walichokiona kwa Kiswahili. Maandishi hayo yakatafsiriwa, na yakawa sehemu ya kumbukumbu ndefu kuliko karibu zote za wanyama wa porini. Ninawasomesha wanafunzi wangu habari hii mapema kabisa, kabla ya orodha yoyote ya maneno. Mtu akishajua kwamba alichokiona kina thamani, hujifunza Kiingereza kwa bidii nyingine.

Swali jipya

Hadi miaka ya 1990 wageni waliuliza barafu ina ukubwa gani. Baadaye walianza kuuliza itaisha lini. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilikuwa limeundwa mwaka 1988 na mkataba wa Rio ulikuwa umetiwa saini mwaka 1992, lakini mlimani mabadiliko yalisikika hasa baada ya mwaka 2000. Mwaka huo Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake walitoboa barafu ya Kibo na kutoa nguzo sita za barafu. Wapagazi walipandisha mitambo na kuteremsha barafu hiyo kwenye masanduku ya kuzuia joto. Mwaka 2002 jarida la Science lilichapisha matokeo: barafu ya chini kabisa ina umri wa zaidi ya miaka 11,000, na sehemu kubwa ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha.

Hesabu zenyewe ni rahisi kukariri, na kila mwanafunzi wangu anazijua. Mwaka 1912 barafu ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa chini ya kilomita za mraba 2. Mwaka 2022 UNESCO ilitaja Kilimanjaro na Mlima Kenya kati ya maeneo ya urithi wa dunia yanayotarajiwa kupoteza barafu zake kufikia mwaka 2050.

Ugumu uko kwenye sababu. Vijana wengi huja darasani na jibu moja: watu wamekata miti, ndiyo maana barafu inayeyuka. Wamelisikia shuleni na redioni. Mgeni naye huja na jibu lake moja: dunia imepata joto. Utafiti unasema jambo lenye pande zaidi. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki katika mwinuko ule ilikauka, theluji mpya ikawa haba, na barafu isiyofunikwa na theluji mpya hupigwa na jua moja kwa moja. Sehemu kubwa hata haiyeyuki. Hugeuka mvuke bila kupitia maji. Ukaukaji huo wa hewa wenyewe unahusishwa na mabadiliko katika Bahari ya Hindi, na joto la dunia linaongeza shinikizo lake. Watafiti walipopima mchango wa ukataji miti mteremkoni katika kupotea kwa barafu, mwaka 2012, waliukuta ni mdogo.

Kufundisha hayo kwa Kiingereza kunataka subira. Ninawapa muundo wa jibu lenye sehemu tatu: kilichopimwa, kinachosababisha, na nilichokiona mwenyewe. Sehemu ya kwanza inataka tarakimu na vitenzi vya wakati uliopita. Ya pili inataka maneno ya hewa kavu, mvuke, mionzi ya jua, gesi joto, na tofauti kati ya hali ya hewa ya leo na tabianchi ya miongo. Ya tatu inataka ujasiri. Kijana mmoja aliniuliza, "Lakini Mwalimu, mimi ni mgumu tu, nani atataka kusikia nilichokiona mimi?" Wapagazi wa Kilimanjaro hujiita wagumu, na kwa fahari. Nilimwambia kwamba mwanasayansi hupanda mara chache kwa mwaka, akaweka chombo chake na kushuka. Mgumu kama yeye hupita pale pale kila wiki ya msimu. Nikamtaka asimame atuambie, kwa Kiingereza chochote alicho nacho, kijito kipi kimebadilika tangu aanze kazi. Alieleza kwa vitenzi vilivyovunjika, na darasa zima likaanza kubishana naye kuhusu mwezi mabadiliko hayo yalipoanza.

Msitu ulioachwa nje

Hapa narudi kwenye ile nusu ya habari tunayoiacha.

Mtu akisikia barafu inaisha, hudhani mito ya Kilimanjaro itakauka kwa sababu hiyo. Ukweli ni kwamba maji ya barafu ni sehemu ndogo ya maji ya mlima. Maji mengi yanatoka kwenye ukanda wa msitu, ambako mvua ni nyingi kuliko kokote mlimani, na ambako ukungu hunaswa na matawi na kuvumwani, ukadondoka na kuingia ardhini. Maji hayo hutokea chini kwenye chemchemi, huingia mifongoni, huteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na Mto Pangani. Upande wa Kenya hupita chini ya ardhi na kutokea kwenye vinamasi vya Amboseli. Tembo wa Amboseli, ambao Cynthia Moss alianza kuwachunguza mwaka 1972, hunywa maji ya mlima wetu katika nyika ambayo bila hayo ingekuwa vumbi kwa miezi.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuzungumzia tabianchi na wanyamapori Kilimanjaro aanze na msitu. Kuna hatari kubwa hapo: moto. Mahali hewa inapokuwa kavu zaidi, moto huteremsha mpaka wa juu wa msitu, ukanda wa kunasa ukungu ukapungua. Oktoba 2020 moto uliwaka eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukateketeza zaidi ya kilomita za mraba 95 za uoto. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwamo viongozi na wagumu, kwa matawi, majembe na mapanga. Oktoba 2022 ukawaka tena karibu na Karanga. Wanafunzi wangu waliokuwapo walijua kila kitu kuhusu moto ule, upepo uligeuka saa ngapi na mimea ipi ilishika haraka. Walipokuja kusimulia kwa Kiingereza walibaki na maneno mawili, moto na mkubwa.

Hata mipaka ya hifadhi ilifuata macho ya wageni. Hifadhi ya taifa iliyoundwa mwaka 1973 na kufunguliwa mwaka 1977 ilianzia juu, kwenye mita 2,700 hivi, msitu mwingi ukiwa nje yake. Chini ya msitu palikuwa na ukanda ambao serikali ya kikoloni iliutenga mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni, nyasi na mbao bila kugusa hifadhi. Sisi tunauita Nusu Maili. Mama zetu walikata majani ya ng'ombe huko, na walijua mti gani haukatwi kwa sababu unashikilia chemchemi. Mwaka 2005 msitu uliingizwa katika hifadhi ya taifa, na Nusu Maili nayo. Ulinzi uliongezeka, na hilo ni jema kwa mbega na minde. Lakini kina mama waliokuwa na ujuzi wa kila siku wa ukanda ule walizuiwa kuingia kama walivyozoea, na ujuzi wao haukuandikwa mahali ninapopajua, si kwa Kichaga, si kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza.

Tunachopaswa kufanya sasa

Darasani kwangu nimegeuza mpangilio wa daftari. Kurasa nyingi ni za kihamba, mfongo, Nusu Maili na msitu. Kilele kina kurasa chache mwishoni. Mwanafunzi anajifunza kueleza kwa Kiingereza jinsi ukungu unavyokuwa maji, kwa nini mbega anahitaji miti iliyoshikana, moto unaanzaje kwenye uoto wa juu, tembo wa Amboseli wanahusikaje na mvua ya Marangu. Kila neno jipya la Kiingereza linaandikwa na neno lake la Kiswahili, na la Kichaga kama lipo. Na kila anayeshuka mlimani anaandika kwa Kiswahili tarehe, mahali na jambo aliloliona limebadilika, kisha tunalitafsiri pamoja. Gombe walifanya hivyo kwa sokwe. Sisi tunaweza kwa vijito, miti na mioto.

Naomba wenye mamlaka ya kutahini viongozi waongeze jambo moja. Kenya chama cha viongozi wa safari, KPSGA, kimekuwa kikitahini kwa madaraja ya shaba, fedha na dhahabu tangu miaka ya 1990, na kimeinua heshima ya kazi hiyo. Sisi nasi tuna mafunzo na leseni, na mgeni hapandi Kilimanjaro bila kiongozi. Basi kati ya maswali ya urefu wa kilele na dalili za ugonjwa wa mwinuko, liwepo swali la msitu na maji, na lingine linalomtaka mtahiniwa aeleze mabadiliko aliyoyaona kwa macho yake, mahali gani na lini. Majibu yahifadhiwe. Baada ya miaka kumi tutakuwa na kumbukumbu ya mlima iliyotoka kwa watu wanaoupanda kuliko wote.

Na wazee waulizwe wangali hai. Wapo Marangu, Rombo, Machame na Kibosho wanaume waliobeba mizigo tangu kabla ya hifadhi, na wanawake waliolijua kila korongo la Nusu Maili. Hawahitaji Kiingereza ili watuambie maji yalikuwa wapi. Kiingereza tutakiweka sisi, vijana wao tuliosoma, tukishasikiliza na kuandika. Kazi hiyo inahitaji daftari, kalamu na mtu mwenye adabu ya kukaa akasikiliza, na inaweza kuanza masika haya.